Punda anaumwa tumbo: dalili, sababu, na dawa za kienyeji za kushika na za kuacha

Kuanzia Desemba hadi Machi, majani yakishakauka kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, simu ninayopigiwa zaidi ni ya punda aliyekataa kula. Anayepiga yuko Bukwo, au Kween, au Kapchorwa, siku nyingine Amudat kule chini. Sentensi yake ya kwanza ni "punda hali." Ya pili ni hesabu ya vitu alivyokwisha kumnywesha: nusu chupa ya mafuta ya kupikia, magadi, maji ya sabuni, waragi (pombe kali). Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hiyo sentensi ya pili. Nimeona punda ambao tumbo lao lingefunguka kwa maji na subira, wakafa kwa mapafu yaliyojaa mafuta.

Dawa za wazee sizidharau. Baadhi nazitumia mwenyewe hadi leo na nitazitaja. Lakini nyingi tumezitoa kwa ng'ombe tukampa punda. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, anacheua, anabeua gesi. Punda, kama farasi, ana tumbo moja dogo, hawezi kutapika, na chakula chake huchachuka huko nyuma, kwenye utumbo mpana uliojikunja mara kadhaa. Upande wa kushoto utumbo huo una kona nyembamba, na chakula kikikauka, mara nyingi huzibia hapo.

Msokoto wa tumbo, au chango kama wengine wanavyosema, ni jina la maumivu. Magonjwa yanayoyaleta ni mengi. Ndiyo maana nimeanza na kile unachokiona bomani. Mwenye farasi anaweza kufuata haya haya, isipokuwa viwango vya mapigo na joto ambavyo ni vya punda. Tofauti kubwa ni kwamba farasi huonyesha maumivu kwa mwili mzima, na punda huyaficha. Punda akifikia kujitupa chini huku jasho linamtoka, ameumwa kwa muda mrefu kabla hujamwona.

DAKIKA KUMI ZA KWANZA

Shusha mzigo, ondoa matandiko na kamba ya tumbo. Ondoa mahindi, pumba na mabua mbele yake. Maji yaache, isipokuwa kama kuna kitu kinamtoka puani. Mwenzake mwache karibu. Punda hushikamana wawili wawili, na ukimfungia mgonjwa peke yake anaweza kuacha kula kwa huzuni tu, kisha usijue tena kipi ni ugonjwa na kipi ni upweke.

Halafu angalia haya, uandike pamoja na saa:

– Mapigo ya moyo. Weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, au vidole chini ya taya panapopita mshipa. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Punda mkubwa aliyetulia hupiga 36 hadi 52 kwa dakika. Akiwa amesimama tu na anapita 60, acha kusoma, mpigie daktari wa mifugo.

– Fizi. Inua mdomo wa juu. Ziwe za waridi na zenye unyevu. Bonyeza kwa kidole hadi papauke, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyekundu iliyokolea, zambarau au za kijivu ni hatari ya saa hiyo hiyo.

– Joto, kama una kipimajoto. Punda mkubwa huwa kati ya 36.2 na 37.8. Mtu aliyezoea ng'ombe hukosea hapa, kwa kuwa 38.6 kwa ng'ombe ni kawaida na kwa punda ni homa.

– Mavi. Yako wapi ya leo? Ni mangapi, yana unyevu gani, yana utando mweupe, mchanga au nyuzi za kavera, yaani mifuko ya plastiki?

La mwisho ni sauti, na hili linataka utulivu. Simama ubavuni pake, nyuma ya mbavu, mkono mmoja mgongoni ili ajue uko wapi. Laza sikio kwenye lile bonde lililo mbele ya nyonga, usogee juu, kisha chini. Funga macho kama watoto wanapiga kelele. Kwa punda mzima utasikia mnguruo wa mbali, kama maji yanavyoshuka kwenye bomba refu, hasa upande wa kulia, kisha kimya, kisha mnguruo tena. Mpe kila upande dakika mbili kamili. Kimya pande zote mbili ni habari mbaya. Mngurumo usiokatika, wa kasi, mara nyingi ni utumbo unaojikaza, na huo hupona kwa urahisi zaidi. Jifunze sauti hii kwa punda wako akiwa mzima. Ukisubiri augue hutakuwa na cha kulinganisha.

DALILI: AMESIMAMA KANDO, KICHWA CHINI, HALI

Hii ndiyo sura ya kawaida ya tumbo la punda. Watu husema amechoka, humwacha hadi kesho.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni utumbo unaoanza kuziba. Nenda dalili inayofuata. Ya pili ni meno. Mpe nyasi mbichi kiganja kimoja na umtazame. Akizipokea kwa hamu, akatafuna upande mmoja, kisha akadondosha kibonge kilichosokotwa na mate, kinachomuuma ni jino, na chakula kisichotafunwa vizuri kitamziba tumbo baadaye hata kama leo haumwi tumbo. Usiingize mkono mdomoni kutafuta jino hilo. Punda mwenye kichaa cha mbwa naye hutoa mate na kukataa chakula, na mkono wenye mchubuko unatosha kukuambukiza. Kama amebadilika tabia, anauma vitu au anashindwa kumeza, kaa mbali, funga watoto na mbwa, mwite daktari.

Sababu nyingine ni maumivu ya mahali pengine, kama kidonda cha matandiko au kwato zenye moto. Zikague.

Jambo moja watu wengi hawalijui: punda asikae na njaa siku nzima kana kwamba anafungishwa ili tumbo lipumzike. Asipokula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, ini linashindwa, na anakufa hata kama tumbo lilikwisha kufunguka. Wanene na majike wenye mimba ndio wa kwanza. Saa 24 bila kula ni za kumwita daktari, hata kama punda anaonekana ametulia.

DALILI: HAJANYA, AU MAVI NI MACHACHE, MAGUMU, YENYE UTANDO

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mabua makavu na maji machache. Mahindi yamevunwa, punda anapelekwa shambani ajilie mabua, mto uko chini ya mteremko, na jioni anarudi amebeba magunia bila kunywa. Nyuzi hizo zikifika kwenye ile kona bila maji, hukauka zikawa kama tofali. Asubuhi za baridi huko juu Elgon huongeza tabu, kwa sababu punda hapendi maji baridi sana na huyaonja tu.

Cha kufanya, kama moyo uko chini ya 60, fizi ni nzuri na hajagaagaa: weka ndoo mbili. Moja maji safi ya vuguvugu. Ya pili maji ya vuguvugu lita kumi na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi. Achague mwenyewe. Wapo wanaokunywa ya chumvi kwa pupa, wapo wanaoyakataa kabisa, na ndoo safi isikosekane kamwe. Jiwe la chumvi ya Katwe la kulamba nalo humtia kiu, ila kwa punda aliye mzima zaidi ya mgonjwa. Mtembeze taratibu kwa kamba dakika kumi hadi kumi na tano, apumzike saa nzima, urudie. Nyasi mbichi zilizolowa kidogo, viganja viwili vitatu, ni sawa akizitaka. Mabua hapana, pumba kavu hapana.

Kama saa kumi na mbili zimepita bila mavi, au anaanza kulala na kuinuka, simu ipigwe. Daktari atapitisha mrija puani hadi tumboni na kumwaga maji mengi, pengine pamoja na chumvi ya kuharisha au mafuta maalumu. Kwa mrija huo maji hufika tumboni bila kupita karibu na mapafu. Chupa haiwezi kufanya hivyo.

Meno, kama nilivyosema. Punda mzee anayeziba kila kiangazi, asipotazamwa meno, ataziba tena.

Kavera. Punda wa mjini na wa senta ya soko hula kavera zenye maganda ya matoke au chumvi ya chakula ndani yake. Mwaka mmoja nilipasua punda aliyekufa baada ya wiki ya kukonda na kuumwa, karibu na soko moja la mpakani. Ndani ya utumbo mpana kulikuwa na donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto: kavera nyeusi, uzi wa gunia, kipande cha kamba ya manila, vyote vimesukwa pamoja kama kata ya kubebea mtungi. Nilivuta ncha moja ya kamba, ikatoka urefu wa mkono wangu. Donge kama hilo halisogezwi na mafuta wala mizizi. Ukimjua punda wako ni mla takataka na maumivu yanarudi kila baada ya siku chache, mwambie daktari mapema, na mfunge siku za soko.

Dawa ya kupe. Sababu hii ni nadra kuliko zile tatu lakini nataka kila mwenye mifugo aijue. Dawa nyingi za kupulizia ng'ombe zina amitrazi. Kwa ng'ombe ni sawa. Kwa punda na farasi huulaza utumbo, ukaacha kusukuma, na siku moja au mbili baadaye chakula kimekauka ndani. Watu hupulizia ng'ombe, dawa ikibaki kwenye pampu wanaona vibaya kuimwaga, wanammalizia punda. Soma kopo. Ukiona neno hilo, usimpulizie punda. Kama umeshampulizia leo, vaa glovu, muoshe kwa sabuni na maji mengi, na umweleze daktari jina lililo kwenye kopo.

DALILI: ANATAZAMA UBAVU, ANAPIGA TEKE TUMBO, ANAJIBIRINGISHA

Kwanza tofautisha. Punda mzima hupenda kugaagaa vumbini baada ya kushusha mzigo: anachagua mahali, anageuka, anasimama, anajikung'uta vumbi, anaenda zake. Mwenye maumivu hachagui mahali, hajikung'uti, na dakika chache baadaye yuko chini tena.

Kinachotokea zaidi ni utumbo kujikaza: maumivu yanakuja na kuondoka, unasikia mngurumo mwingi, katikati anaweza hata kuchuma nyasi. Hutokea baada ya kubadilishiwa chakula ghafla, nyasi changa za mvua ya kwanza, au kwa sababu ya minyoo. Mtembeze polepole, mpumzishe, hesabu moyo kila nusu saa. Wengi hutulia ndani ya saa moja au mbili. Minyoo ishughulikiwe baada ya kupona, kwa dawa na kipimo anachopanga daktari kwa uzito wake. Dawa nzito siku ya maumivu kwa mnyama aliyejaa minyoo inaweza kuziba utumbo kwa minyoo iliyokufa.

Ya pili ni gesi, na ya tatu ni kuziba kulikokomaa.

Ya mwisho kwa wingi, na mbaya kuliko zote, ni utumbo uliojisokota wenyewe au kujifunga. Maumivu hayaachii. Moyo unapanda 70, 80. Fizi zinageuka rangi, jasho linalowesha shingo, halafu ghafla anatulia, masikio ya baridi. Usifurahie utulivu huo. Utumbo umeanza kufa na ndiyo maana hauumi tena. Hakuna mzizi, mafuta wala dua ya mtu inayousokotoa kutoka nje. Mwite daktari kwa haraka, na kama hakuna njia ya kumfanyia upasuaji, mwombe amalize mateso yake. Nimeshuhudia wazee wakikataa hilo kwa uchungu wa mali, punda akagaagaa usiku kucha. Sitaki kuliona tena.

Akilala kimya, mwache alale. Akijitupa kwa nguvu, msimshikilie kwa kamba. Mtoe penye mawe na nyaya, watu wakae mbali na miguu yake.

Usimchome sindano ya maumivu ya dukani kabla ya daktari kumwona. Itaficha mapigo na jasho, vile vile vitu vitakavyomwongoza yeye kujua kama ni kesi ya maji au ni kesi ya kisu.

DALILI: TUMBO LIMEJAA, LIMEKAZA KAMA NGOMA

Uliza watoto kwanza: aliingia ghalani? Mahindi yaliyomwagika, pumba nyingi, machicha ya pombe au ya malwa, maganda yaliyochachuka, hayo ndiyo yanayojaza gesi kwa wingi. Baada ya hapo fikiria kuziba, kisha kusokotwa. Jike pia anaweza kuwa na mimba tu. Usicheke, nimeitwa kwa hilo mara mbili.

Gesi ndogo, moyo uko chini ya 60, anatembea: mtembeze, zuia chakula chote isipokuwa maji, msikilize. Akiwa amekula nafaka nyingi, usingoje dalili yoyote. Piga simu siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya tumbo huja ugonjwa wa kwato, na punda aliyeharibika kwato hatabeba tena.

USIMCHOME KISU UBAVUNI. Kwa ng'ombe aliyevimba, kuchoma upande wa kushoto kumeokoa wengi. Kwa punda, chini ya kisu hicho kuna utumbo mpana uliojaa mavi ya maji, na yakivuja ndani ya tumbo anakufa kwa usaha. Daktari anaweza kutoa gesi kwa sindano ndefu katika hali maalumu. Wewe na mimi hapana.

Kuhusu chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa: baadhi yake kina monensini au dawa za jamii yake. Punda akikila, moyo wake unaharibika. Hutetemeka, hutoka jasho, huonekana kama anaumwa tumbo, na anaweza kufa ghafla. Usimtembeze huyo hata hatua kumi. Hifadhi gunia ili daktari alisome.

DALILI: ANAHARISHA HUKU ANAUMWA

Minyoo, nyasi changa, au udongo alioula malisho yalipokwisha. Tia mavi yake kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, tikisa, acha itulie; mchanga ukijikusanya chini, muwekee chakula juu ya gunia au kwenye karai na si chini. Akiharisha maji matupu zaidi ya nusu siku, au kukiwa na damu, au ni mwana punda, ni kazi ya daktari.

DALILI: CHAKULA AU MAJI YA KIJANI YANATOKA PUANI

Kuna sababu mbili. Ya kawaida ni chakula kimekwama kooni: anakohoa, ananyoosha shingo, mate yamechanganyika na chakula, lakini moyo si wa kasi sana. Ondoa chakula na maji yote, mwache kichwa kiwe chini, usimmiminie chochote wala kumsukumia fimbo. Wengi hujifungua wenyewe. Saa moja ikipita, piga simu. Ya pili ni tumbo lililofurika kwa sababu huko mbele pameziba. Huyu ana maumivu, moyo uko juu, amenyong'onyea. Kwa kuwa hatapiki, tumbo linaweza kupasuka. Simu ni sasa hivi.

INAONEKANA NI TUMBO LAKINI SIYO

Jike anayekaribia kuzaa hutazama ubavu na kulala. Dume aliyezibwa mkojo hujinyoosha akajikaza bila kutoa kitu. Pepopunda humkakamaza mkia na masikio. Na punda anayezunguka duara, anayesukuma kichwa ukutani au kugonga vitu kama kipofu baada ya kula mahindi yenye ukungu, ubongo wake umeliwa na sumu ya ukungu huo. Mahindi yaliyooza ambayo nyumba imeyakataa tumezoea kumpa punda, na tukomee hapo.

DAWA ZA KIENYEJI, MOJA MOJA

Kumtembeza ni dawa njema, na wazee walikuwa sahihi. Kosa ni kumkimbiza mlimani kwa fimbo saa tatu mfululizo hadi aanguke. Kumsugua tumbo kwa majani makavu au gunia, kwa mikono miwili, hakudhuru, humtuliza na humweka mtu karibu naye. Maji ya vuguvugu, chumvi, kumletea mwenzake: shika yote. Tangawizi kidogo iliyopondwa kwenye nyasi akiipenda haina tabu, ila isikucheleweshe kupiga simu.

Sasa chupa. Mnaikalisha shingo juu, mmoja anavuta ulimi, mwingine anamimina. Punda mwenye maumivu hamezi vizuri na kinachoshuka kinakwenda mapafuni. Mafuta ni mabaya kuliko yote kwa sababu hayamkohozi sana, yanateleza tu. Siku ya pili au ya tatu utaona homa, pumzi fupi, harufu mbaya puani, na hapo tumbo limeshasahaulika. Si mafuta, si maziwa, si soda, si chai: kwa punda anayeumwa, hakuna kinachomiminwa kwa chupa.

Parafini nataka niizungumzie peke yake, kwa kuwa jina limeua. Mzee mmoja jirani yetu aliona daktari akipitisha kwenye mrija kitu ambacho daktari alikiita parafini, na punda akanya jioni ile. Mwaka uliofuata punda wake mwingine akaziba. Nilifika nikamkuta na chupa mkononi, imebaki robo, boma zima linanuka taa. Nikamwambia, "Baba, hiyo umeitoa wapi?" Akanijibu kwa uhakika kabisa, "Si ile ile parafini ya daktari?" Ile ya daktari ni mafuta meupe ya dawa, hayana harufu, hayachomi. Ya dukani ni mafuta ya taa, ni sumu, huunguza koo na mapafu. Punda yule hakuona Jumapili. Mzee hakuwa mzembe. Alijifunza kwa macho kama tunavyojifunza wote, na hakuna aliyemweleza kwamba ni vitu viwili. Daktari ukitumia neno hilo mbele ya mwenye punda, mweleze.

Magadi na sabuni ya unga huchubua mdomo na koo. Tumbaku na waragi vina sumu yao na humfanya azidi kushindwa kumeza. Shubiri huharisha kweli, na hata Ulaya zamani waliwapa farasi kama dawa ya kufungua tumbo, lakini hukausha mwili uliokwisha kukauka na huleta maumivu makali. Kwa tumbo lililoziba ni kumpiga teke aliyeanguka.

Mkono wenye sabuni nyuma, kutoa mavi: wengi huniuliza. Ukuta wa utumbo wa nyuma wa punda ni mwembamba na akijikaza unachanika. Mchaniko mdogo tu humuua kwa siku mbili. Daktari hufanya hivyo kwa glovu ndefu, mafuta na dawa ya kulegeza, na hata yeye huogopa.

Kuchanja sikio damu itoke, kukata nyama ya kaakaa nyuma ya meno, kuchoma tumbo kwa chuma cha moto: maumivu mapya juu ya ya zamani, na mlango wa pepopunda. Yule mnyama husimama kwa mshtuko, watu wakasema amepona. Ziachwe kabisa.

UKIMPIGIA DAKTARI

Anza na ofisi ya mifugo ya kaunti yako ndogo. Mwambie mapigo, rangi ya fizi, mara ya mwisho kunya, alichokula, na kila kitu alichonyweshwa hata kama unaona haya. Atakayeficha magadi au dawa ya kupe anamfungia daktari macho. Wakati unamsubiri, weka maji mengi ya moto mekoni na ndoo mbili safi, na mtu mmoja aliyezoeana na punda huyo asimame kichwani pake.

AKISHAKUNYA

Mavi ya kwanza si ruhusa ya gunia la mabua. Siku ya kwanza mpe nyasi laini zilizoloweshwa, kiganja kimoja kimoja kila saa mbili tatu, na maji ya vuguvugu. Siku ya pili ongeza kama anakunya laini na ananguruma pande zote mbili. Mabua yarudi siku ya nne au ya tano, yakiwa yamekatwakatwa na kunyunyiziwa maji. Asibebe mzigo kwa wiki nzima, na siku ya kwanza ya kazi ashuke mtoni mtupu, anywe hadi ainue kichwa mwenyewe, ndipo gunia liwekwe.